Siku nane na jumba la mikono miwili

Siku ya 1, Jumatatu

Tumetoka stendi ya Nane Nane, Dodoma, saa moja asubuhi, kwenda kukarabati jumba la zamani, mimi na fundi seremala ninayefanya naye kazi mwaka wa kumi na tatu sasa. Yeye kabeba randa, msumeno na sanduku la patasi. Mimi nina miko mitatu, timazi, pima maji, skwea na brashi za waya. Kondakta alitaka tuvitupe kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu. Tulikataa, tukalipia siti ya tatu, vyombo vikasafiri kama abiria.

Ni mwisho wa Novemba. Ardhi ni nyekundu na tupu, upepo unahamisha vumbi kutoka kiambaza hiki hadi kile, lakini mibuyu imeshatoa majani kabla hata ya tone la kwanza. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Ni chache, ila hushuka kwa mkupuo. Saa moja ya mvua ya Dodoma huweza kuangusha ukuta ambao jua la miezi saba halikuutikisa. Ndiyo maana tumewahi.

Tumepita Bahi, majaruba ya mpunga yamepasuka yanangoja maji, tukapita Kintinku, kisha basi likaanza kunguruma kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Tumeshukia mji mdogo wa stesheni upande wa Manyoni. Jina lake silitaji. Mbao za mninga zilizomo ndani ya jumba tulilolifuata zina wezi wake, na wenyewe wameniomba.

Aliyetupokea ni bibi anayetunza funguo. Mkwewe alikuwa katibu wa mwisho wa chama kilicholijenga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Poleni na safari. Sasa saruji inakuja na gari gani?"

"Hatukuja na saruji, bibi."

Alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, halafu akatukaribisha uji wa uwele. Nadhani alilala na wasiwasi. Mimi pia.

Siku ya 2, Jumanne

Kwenye nyumba ya zamani, siku ya kwanza nyundo yangu haitoki mfukoni. Unazunguka. Unagusa. Unanusa kona. Unagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepiga hodi, unasikiliza unakujibu nini.

Jumba ni ukumbi mmoja mrefu, hatua 22 kwa 9, na chumba cha katibu kwa nyuma. Mbele kuna baraza lenye nguzo nne. Msingi ni wa mawe, na juu yake kuta ni za matofali mabichi ya udongo uliokaushwa juani, unene dhiraa moja kamili: nilipima kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kenchi ni za mninga. Bati ni lile zito la zamani, lina kutu ya rangi ya kahawa lakini sehemu kubwa bado linalia vizuri ukiligonga.

Juu ya mlango mkuu kuna mikono miwili iliyoshikana, imefinyangwa kwa lipu ya chokaa, na chini yake mwaka: 1938. Nilipanda ngazi kuutazama kwa karibu. Haukuchongwa kwa chombo. Mtu aliuandika kwa kidole cha shahada lipu ikiwa bado mbichi. Kwenye tarakimu ya 8 kidole kilipita mara mbili, na pembeni pameganda alama ndogo ya ukucha, mwezi mwembamba, umebaki vilevile tangu siku ile. Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipokuwa huko, kijana wa bodaboda alisimama akaniuliza kwa sauti ya chini kama siogopi. Kwa nini niogope? "Hilo ni jumba la Frimasoni, fundi. Ona hiyo mikono." Sikumdharau. Hofu hiyo ameikuta, na imewafanya watoto wa mtaa huu walikwepe jumba hili maisha yao yote. Nilimwambia ninachokijua. Frimasoni ni chama cha kindugu. Mwaka 1717 baraza lao kuu la kwanza liliundwa London, na mizizi yao wanaihesabu kutoka kwa vyama vya waashi wa mawe, watu wa kazi kama yangu. Ndiyo maana alama zao ni bikari na skwea, na timazi na pima maji vimo pia. Nilitoa skwea yangu nikampa aishike. Hiki ndicho kinachofanya kona ya nyumba yenu isikimbie.

Na jumba hili wala halikuwa lao. Mikono iliyoshikana ni alama iliyotumiwa na vyama vingi vya kusaidiana na vya wafanyakazi. Waliolijenga hili walikuwa watu wa reli na majirani zao, mafundi cherehani, wapishi, wauza samaki. Kilikuwa chama cha kuzikana.

Sasa ugonjwa. Sehemu ya chini ya kuta zote, kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno, imepigwa plasta ya saruji miaka mingi iliyopita. Fundi aliyeipiga alikuwa na nia njema. Aliona ukuta unamomonyoka, akauvika gamba gumu. Lakini ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Ukiwa umepakwa chokaa, unyevu hupenya ukatoka nje na kukauka na upepo. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi, au hubaki ndani yakilainisha udongo gizani. Nimegonga hatua kwa hatua kuzunguka jumba zima. Karibu nusu ya plasta ile inajibu kwa sauti ya debe tupu.

Juu ya mstari wa saruji kuna ukanda mweupe unaong'aa. Nimeulamba. Chumvi.

Siku ya 3, Jumatano

Manyoni, dukani, tumenunua mifuko 12 ya chokaa iliyotoka Tanga. Muuzaji aliuliza kama tunachora uwanja wa mpira.

Kutoka hapo nilikwenda Kilimatinde, nimtafute mzee niliyeambiwa kwamba ujanani alipiga lipu ya chokaa kwenye nyumba za misheni. Kilimatinde imekaa juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Unasimama pale, nchi nzima ya Ugogo inalala chini yako, imefifia kwa vumbi, hadi macho yanachoka. Wajerumani waliweka boma hapa kabla reli haijawaza kufika. Kisha reli ikaja kutoka Dar es Salaam: ujenzi ulianza 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na mwaka 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Ikapita chini, Saranda, ikapandia Manyoni, na Kilimatinde ikaachwa na kilima chake. Miji ya huku ukiichunguza utaona ni reli iliyoamua nani akue.

Mzee nilimkuta kivulini anasuka kamba. Ana miaka zaidi ya themanini na mikono yake bado ina ule ukavu wa chokaa kwenye vifundo. Nilimwamkia kwa Kigogo nilichorithi kwa bibi yangu, "Mbukwenyi", akacheka kwa kufurahi, akaniambia nikae. Nilipomweleza nimekuja kuuliza habari za chokaa aliniuliza swali moja tu: "Una haraka?"

Nikamwambia nina siku tano.

"Basi fanya koti moja tu la lipu. Koti la pili njoo ufanye mvua zikiisha."

Mengine aliyonifundisha nayaandika hapa kwa sababu si rahisi kumpata mtu wa kukueleza. Chokaa ya unga ya dukani imeshazimwa kiwandani, lakini usiichanganye na mchanga siku hiyohiyo. Iloweke, maji yaifunike, ilale angalau siku mbili, na ikilala mwezi ni bora zaidi, mpaka ukiikata kwa mwiko ishikamane kama samli iliyoganda. Ukipata chokaa hai, ile iliyotoka tanuruni, tia maji kwa mbali na ufunike macho, maana huchemka yenyewe bila moto. Mchanga uwe wa korongo, uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Mafungu matatu ya mchanga kwa moja la chokaa. Ukuta uloweshe kwanza mpaka uache kufyonza kwa pupa. Koti lisizidi unene wa kidole kidogo. Na kubwa kuliko yote, usipake jua likikuona. Chokaa haikauki kama nguo. Inarudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na ili ivute lazima ibaki na unyevunyevu, hivyo unaitundikia magunia mabichi na kuyanyunyizia asubuhi na jioni, kama unavyomkanda mgonjwa wa homa.

Nilimwachia sukari na majani ya chai. Usiku tumeloweka mifuko yote kwenye mapipa mawili.

Siku ya 4, Alhamisi

Kubandua saruji.

Kazi hii vijana huiharibu kwa nguvu. Ukipiga nyundo katikati, gamba linang'oka na nyama. Unaanza kwenye ufa au ukingo, unaingiza patasi bapa, unaigonga kidogo, unasikiliza, unasogea. Mapande mengine yalitoka makubwa kama sinia. Nyuma yake, upande wa kaskazini, udongo ulikuwa laini kiasi kwamba kidole changu kiliingia hadi kiungo cha pili. Kwenye kona ya chumba cha katibu tofali tatu hazikuwa tofali tena, zilikuwa tope lililokumbuka umbo lake. Jumba hili limebebwa na mazoea. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, nikamwomba atie mkono mwenyewe. Aliutia. Akautoa akautazama, hakusema lolote. Baada ya hapo hakuuliza tena habari ya saruji.

Sababu nyingine tumeigundua kwa chepe. Miaka themanini ya kufagia uwanja imerundika udongo ukutani, hadi ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani kwa shubiri nzima, na mawe ya msingi yamezikwa. Vijana wanne wa mtaa, pamoja na yule wa bodaboda, walichimba hadi magharibi. Mawe yameanza kuonekana, meusi na mabichi. Yaachwe wazi yapigwe na upepo.

Alasiri walikuja kina mama wa kikoba. Wao hukutana barazani hapa kila Alhamisi. Walitandika mikeka katikati ya vifusi vyetu bila kulalamika, wakaweka sanduku la bati katikati, na wenye funguo watatu wakasogea kila mmoja na ufunguo wake. Seremala alikuwa anaona hayo akiwa mlangoni. Akaniita ndani kimya kimya, akanionyesha kasha la mninga lililoko chumba cha katibu. Kifuniko chake kina mapete mawili ya kufuli, moja kila upande.

Siku ya 5, Ijumaa

Hatukupiga kazi mchana. Ukuta ulihitaji kupumua, na wazee wawili kati ya watatu wa chama waliobaki walikuwa wanakwenda msikitini. Baada ya swala tuliketi ukumbini, bibi akafungua kasha.

Ndani mna bendera iliyoliwa na nondo, kengele ya mkono, na daftari tatu za jalada gumu. Mchwa wamekula pembe ya chini ya daftari la kwanza kwa mstari uliopinda, kama mtu aliyemega mkate, lakini wameishia pembezoni. Maandishi yamesalimika. Mwandiko ni wa wino wa buluu, umelala kulia, mwandiko wa shule ya misheni. Safu ya kwanza jina, ya pili kazi, ya tatu senti. Mchochea moto wa garimoshi. Karani wa tiketi. Mtu wa gengi. Mtu wa gengi. Dobi. Mtu wa gengi. Mpishi. Kila mwezi senti zilezile, na pale mtu aliposhindwa katibu hakuandika deni, aliandika "mgonjwa", au "safarini". Kwenye kurasa za nyuma kuna matumizi: sanda yadi kadhaa, mbao, misumari, mafuta ya taa ya kukeshea, nauli ya garimoshi ya kumpeleka mjane kwao Kigoma.

Mara kwa mara mbele ya jina kuna cheo: Kapteni, Sajini, na kwa upande wa wanawake, Kwini. Hivyo si vyeo vya jeshi. Ni vya beni. Ngoma ile ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuigiza bendi za kijeshi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na makarani wakaieneza bara. Karibu kila mji wa Tanganyika ukawa na makundi yake ya Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi na gwaride. Watu hukumbuka mashindano. Lakini aliyeugua alihudumiwa na wenzake wa ngoma, na aliyekufa walimzika wao. Mtu aliyetoka Ujiji akafia Ugogo alikuwa na ndugu wa kumteremsha kaburini. Vyama kama hiki vilirithi mfupa ule, ngoma yenyewe ilipoanza kunyamaza.

Niliuliza kwa nini waliweka kuzika mbele ya kila kitu. Nilitegemea jibu la dini. Mzee mkubwa kuliko wote, ambaye huongea kwa nadra, alisema neno moja: Mtunya.

Kwa asiye wa huku: Mtunya ni njaa iliyoikamata Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, ila haukuwa peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta ghala zimeshafagiwa. Halafu ikaja homa kubwa ya mafua. Baba yake mzee huyu alikuwa mtoto. Alimwambia mwanawe kwamba hakukumbuka sana njaa ya tumbo lake. Alichokumbuka ni njia ya kwenda stesheni, na watu waliolala kando ya njia ile, ambao hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwachimbia. Alipokua akaajiriwa kwenye gengi ya reli. Jina lake ni la nne katika ukurasa wa kwanza.

Nimelifungua daftari la pili kwenye Septemba 1947. Mwezi ule mgomo ulianza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, ukasambaa kufuata reli hadi huku bara. Safu ya senti ni tupu, jina kwa jina, ukurasa mzima. Chini, katibu ameandika kwamba mwezi huu hakuna anayedaiwa.

Wazee waliuliza kama serikali haiwezi kulilinda jumba. Niliwaambia kama nilivyoelezwa mimi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo hulindwa waziri akilitangaza. Kwa hiyo barua iandikwe, na tumeanza kuiandika. Ila barua haizuii mvua ya mwezi huu. Kwa sasa jumba lina wazee watatu, bibi, kina mama wa Alhamisi, na mapipa mawili ya chokaa.

Daftari nimezipiga picha kila ukurasa kwa simu, mlango ukiwa wazi, bila mwanga wa simu. Nimewaomba wasizirudishe kashani kabla kasha halijainuliwa juu ya mawe.

Siku ya 6, Jumamosi

Siku ya seremala.

Mchwa wamejenga njia zao za udongo kutoka sakafuni hadi kwenye fremu ya mlango wa nyuma. Mninga wenyewe, moyo wake mwekundu, wameushindwa. Wamekula ganda la nje na mbao laini zilizoongezwa baadaye. Watu walipendekeza oili chafu. Siipendi. Inanuka miaka, inachafua ardhi, na inaficha njia za mchwa usizione. Tumekata fremu iliyooza kwa chini, tukaiunga kwa kipande cha mninga kilichokatwa mshazari, na mguu wa fremu sasa umekaa juu ya jiwe, si juu ya udongo. Mchwa wakitaka kupanda watapita mahali pa wazi, na bibi atawaona asubuhi akifagia.

Darini kuna popo. Mavi yao yamefika kifundo cha mguu. Tulifunga nyuso kwa barakoa na kuyanyunyizia maji kwanza, kwani vumbi lake kavu huweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Tumetoa magunia saba, kina mama wameyagawana kwa bustani za mchicha. Vijana walitaka matundu yote yazibwe leo. Nimekataa. Msimu wa mvua ndio popo wana watoto wasioweza kuruka, na ukiziba watakufa ndani, na nyumba itanuka kifo. Tumetandika turubai chini yao. Matundu yatazibwa baadaye, jioni, wakishatoka wote kwenda kuwinda wadudu.

Gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, hakuna hata moja. Kimebaki kishikio chake kimoja cha chuma ukutani.

Siku ya 7, Jumapili

Tuliamka saa kumi alfajiri. Matofali yaliyooza tulikuwa tumeshayabadilisha kwa mapya ya udongo uleule uliotoka uwanjani, na mashimo tumeyajaza udongo uliochanganywa na majani makavu. Udongo kwa udongo. Kisha tukanyunyizia maji, tukangoja ukuta ushibe, nikachota chokaa ya kwanza.

Nimepiga plasta ya saruji nyumba nyingi sana Dodoma, kwenye viwanja vipya vinavyoota kila upande tangu mji uanze kujaa. Saruji unaitupia ukutani, unaivuta kwa rula, unakwenda. Chokaa si hivyo. Inapaka kama mafuta mazito, inakubali mwiko, halafu inakaa kimya. Ukiisukuma inakasirika, inajikunja na kudondoka. Mara mbili niliharakisha na mara mbili ilinirudia miguuni. Kufikia saa tatu jua lilipokuwa kali tulikuwa tumemaliza upande wa kaskazini na kona ya katibu, tukatundika magunia mabichi. Jioni tukafanya upande wa baraza. Upande wa magharibi haukutosha muda.

Yule kijana wa bodaboda alishika mwiko tangu alfajiri hadi usiku. Ana mkono. Anasikiliza ukuta kabla ya kuupaka, jambo ambalo sikumfundisha.

Mikono miwili juu ya mlango sikuigusa, isipokuwa kuipangusa vumbi kwa brashi ya manyoya.

Siku ya 8, Jumatatu

Mvua ilianza saa saba usiku. Kwanza harufu ya udongo, kisha upepo uliogonga madirisha, halafu bati likapiga kelele mpaka hatusikilizani. Tulitoka mbio na seremala kufunga turubai juu ya lipu mbichi. Tulipotoka, wale vijana walikuwa wameshafika, na bibi ameshika taa kwenye mlango, kanga imemgandamana mabegani.

Mvua ilidumu muda wa saa moja na nusu. Nilizunguka nje na tochi. Maji yalishuka kutoka kwenye bati, yakapiga ardhi tuliyoishusha, yakasita kidogo kana kwamba yanatafuta njia yake ya zamani ya kwenda ukutani, kisha yakageuka yakafuata mteremko hadi mtaroni. Mawe ya msingi yalilowa yakang'aa, lakini maji hayakusimama miguuni mwake. Kaskazini na barazani lipu imeshika. Magharibi, ambako saruji bado ipo, mrushio wa matone umefika juu ya mstari wa chumvi. Na ndani ya ukumbi, karibu na jukwaa, bati linavuja mahali ambapo jua la wiki nzima halikutuonyesha tundu lolote.

Bibi ameleta ndoo. Tumeketi kwenye benchi tukisikiliza tone moja, na lingine. Garimoshi la kwenda Kigoma lilipita wakati ule, polepole, sakafu ikatetemeka kidogo chini ya nyayo, na vumbi la chokaa likaanguka kutoka kwenye kenchi kama unga.

Asubuhi basi ni saa mbili. Kabla ya kuondoka nimepanda ngazi nikazungushia duara kwa mkaa kwenye boriti pale tone linapotokea, na nikaandika tarehe ya leo pembeni yake. Vipimo vya gata ninavyo mfukoni, mita 44 kwa pande zote mbili. Kijana wa bodaboda amepewa kazi ya magunia: maji asubuhi, maji jioni, siku 14, hata mvua ikinyesha usiku. Ufunguo wa pili wa kasha amekabidhiwa na bibi mwenyewe. Mimi na seremala tunarudi Mei.